Wati zinapotelea wapi? Joto kwenye chipu za sapulai za swichi

Mafundi wenzangu habari za mchana, asanteni kwa kuja, najua wengine mmefunga ofisi zenu kule Kilombero na Ngarenaro mje kusikiliza hesabu, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Kuna dereva wa gari la watalii aliniletea kichaji cha USB, kile cha kuchajia simu na kamera za wageni. Anasema hapa Arusha asubuhi kinachaji fresh tu, wakifika Tarangire saa saba mchana kinakata, kinarudi, kinakata. Nikabadilisha chipu, akarudi. Nikabadilisha tena, akarudi tena, ndo nikakaa na kalamu.

Sasa angalieni. Injini ikiwaka gari linatoa kama volti 14, USB inataka volti 5, mzigo wageni wakichomeka kila kitu ni ampea 4, yaani zinatoka wati 20. Regyuleta (kifaa cha kushusha volti) ya kawaida ya miguu mitatu ingechoma wati 36 hapo, ndo maana tunatumia ya swichi, ile inayowasha na kuzima umeme haraka haraka badala ya kuichoma volti ya ziada. Ufanisi wake kwenye mzigo huu ni kama asilimia 87.4, kwa hiyo zinapotea karibu wati 2.9. Hapa ndo wengi tunakosea, tunachukua hizo zote tunazidisha na ukinzani wa joto wa chipu, yaani inapanda nyuzi ngapi kwa kila wati, tuseme 50, tunapata nyuzi 145, ongeza joto la boksi chini ya dashibodi nyuzi 60, inakuja 205. Chipu ya namna hiyo ingeshakufa zamani, basi fundi anaona hesabu ni ya uongo anaitupa. Hesabu si ya uongo jamani, tumemtwika mmoja mzigo wa watu watatu!

Tugawane. Swichi ya ndani ya chipu ina ukinzani wa omu 0.1, ampea 4 kwa 4 ni 16, zidisha 0.1, halafu zidisha 0.36 maana swichi inawaka asilimia 36 tu ya muda (5 gawanya kwa 14), unapata wati 0.57. Halafu kuna hasara ya kuwaka na kuzima, pale swichi inapokuwa katikati ina volti na ampea kwa pamoja: nusu ya 14 mara 4, mara nanosekunde 40, mara kilohezi 500, inakuja wati 0.56. Jumla ya chipu ni 1.13. Koili yenye omu 0.03 inakula 0.48. Diodi, ambayo inapitisha umeme pale swichi inapozima, inabeba ampea 4 asilimia 64 ya muda ikiwa na nusu volti juu yake, inachoma wati 1.28. Diodi inaizidi chipu!

Chipu peke yake basi inapanda nyuzi 57, na boksi la 60 ni 117, bado iko chini ya 125 ya datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Mbona inakata? Nikashika waya wa kupimia joto wa multimita nikauweka juu ya diodi, moto kuliko chipu, na zimekaa milimita chache tu kwenye shaba ileile ya bodi. Kwa hiyo hewa ya 60 kwa chipu hii haipo, jirani yake anaipikia. Na swichi ikipata moto ukinzani wake unapanda, hasara inaongezeka, joto linaongezeka, mpaka chipu inajizima yenyewe. Ile 50 ya datashiti nayo ilipimwa kwenye bodi yenye shaba ya kutosha, hizi zetu ndogo ndogo za upande mmoja zinazidi hapo, wakati mwingine mara mbili.

Nilitafuta bodi ambayo mahali pa diodi kuna mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi) ya omu 0.02, hesabu ileile inashuka toka 1.28 hadi 0.2. Dereva hajarudi na malalamiko.

Bodi zote mbili, ya diodi na ya mosfeti, ziko hapa mezani, zimewaka nusu saa ndani ya boksi na mzigo wa ampea 4, sogeeni tupime diodi kwanza.