Dizeli ya Kutengeneza Dizeli

Chukueni kalamu, leo hakuna slaidi. Tunahesabu uchafuzi wa bidhaa, pamoja na ule wa vitu vilivyotumika kuitengeneza.

Jenereta yetu inakunywa lita 0.3 za dizeli kwa kila uniti ya umeme. Dizeli nayo haikushuka na mvua. Tuseme kila lita ilikula uniti 0.2 kwenye pampu na mitambo ya kusafishia, na umeme huo ukatoka kwenye jenereta kama hii hii. Mteja anataka uniti 100. Tumechoma lita ngapi?

Namsikia mtu wa nyuma: 30. Haya, lita 30 zilitaka uniti 6. Uniti 6 zilitaka lita 1.8. Hizo nazo zikataka uniti 0.36, yaani lita 0.108. Endelea hivyo, utakomea karibu na 31.91. Ukichora michakato na kuhesabu kwa kufuata mishale ya mchoro, mishale inakuzungusha. Wengi hukata pale walipochoka, halafu kwenye ripoti wanapaita mpaka wa utafiti!

Sasa andikeni u kwa uniti zote, d kwa lita zote:

u − 0.2d = 100
−0.3u + d = 0

Hesabu ya sekondari. Tunapata u = 106.38 na d = 31.91, mzunguko wote kwa mkupuo mmoja. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, kwa hiyo ni kilo 86, si 81 za yule wa nyuma.

Michakato ikiwa maelfu, kila mmoja unaupa safu wima yake kwenye matriki, yaani jedwali la namba, kinachotoka chanya, kinachoingia hasi, kisha kompyuta inatafuta kinyume cha matriki, jedwali linalotoa jibu la milinganyo yote kwa mkupuo. Mwanauchumi Wassily Leontief alifanya hivyo kwa uchumi wa Marekani mwaka 1949: milinganyo 42, na Mark II, kompyuta ya enzi hizo, ikahema saa 56. Simu yako ingemaliza kabla hujapepesa.

Kazi iko kwa ng'ombe. Mchakato mmoja, bidhaa mbili, maziwa na nyama: mistari inazidi safu wima, matriki haiwi mraba, kinyume hakipatikani. Ugawe uchafuzi kwa uzito? Kwa bei? Hapo anaamua mtu, na akibadilisha uamuzi, jibu nalo linabadilika.

Tena matriki haijui ulichosahau. Sisi hapa tumeacha oili, filta, na jenereta yenyewe, na bado imetupa desimali mbili bila hata kukohoa. Wiki ijayo nileteeni milinganyo mitatu, oili ikiwemo.