Nani Hasa Aliipinga SHA, na Alipinga Nini

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie upinzani wa wananchi dhidi ya mageuzi ya bima ya afya ya serikali, na nitabaki hapa Kenya, kwenye safari ya kutoka NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, kwenda SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Mada hii huzungumzwa kama ugomvi wa vyama: wafuasi wa serikali huku, wapinzani kule. Naomba leo tuweke vyama kando tushike kalamu. Sehemu kubwa ya upinzani ule ilitokana na hesabu, na waliopiga hesabu hawakukosea.

Msingi wa sheria nitaupitia haraka. NHIF ilianza mwaka 1966. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoiondoa NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mamlaka hii inasimamia mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi hugharamia matibabu ya zahanati na vituo vya afya. SHIF, mfuko tunaouchangia, hulipia hospitali. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoshika pale SHIF inapofika kikomo. Mfuko wa kwanza na wa tatu hutegemea fedha zinazopitishwa na Bunge katika bajeti. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hati ya mshahara.

Chini ya NHIF, tangu 2015, mwajiriwa alikatwa kwa madaraja: shilingi 150 kwa wa chini kabisa, 1,700 kwa kila anayepata 100,000 au zaidi. SHIF ikafuta madaraja ikaweka asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue 300 kwa mwezi, na bila kikomo cha juu. Mwenye 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Mwenye 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Mstari wa kuvuka uko kwenye 32,700 hivi. Ukiupita huo unalipa zaidi kuliko zamani: mwenye 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375, mwenye 100,000 kutoka 1,700 hadi 2,750, na mwenye 300,000 kutoka 1,700 hadi 8,250. Kuna kundi moja dogo chini kabisa ambalo watetezi wa mageuzi hulisahau: aliyekuwa akipata chini ya 6,000 alikatwa 150, na kile kiwango cha chini cha 300 kimemzidishia mara mbili.

Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi wa mshahara mdogo angepaswa kushangilia. Amepunguziwa shilingi 200. Mbona hakushangilia?

Kwa sababu mtu hasomi sheria moja moja. Anasoma hati nzima, na macho yake huenda kwenye mstari wa mwisho. Tumchukue huyo wa 20,000 tumtazame kwa karibu. Januari 2023 alikatwa NSSF, akiba ya uzeeni, 200 na NHIF 750, jumla 950. Februari 2025 NSSF yake imefika 1,200, kuna ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao ni 300, na SHIF 550. Jumla 2,050. Mtu ambaye kwenye karatasi za wizara ameandikwa kuwa amenufaika, makato yake yamezidi mara mbili. Mwenye 100,000 naye ametoka 1,900 hadi 8,570, na hapo sijagusa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara.

Mtaniambia: lakini tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, kwa hiyo kuna nafuu. Kweli ipo, kwa anayelipa kodi. Huyu wa 20,000 halipi PAYE, maana yuko chini ya 24,000. Nafuu ya kodi haimpi hata senti. Imemwendea mwenye mshahara mkubwa, ambaye hata hivyo bado amekasirika, kwa sababu nafuu yenyewe haifiki pengo lililofunguka.

Kuna pia jambo la mke na mume walioajiriwa wote wawili. Kila mmoja hukatwa asilimia 2.75 yake, ila mafao yakihesabiwa ni ya kaya. Viwango vya mwanzo vya saratani, kwa mfano, vilikuwa 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka SHIF na 150,000 nyingine kutoka mfuko wa dharura. Wachangiaji wawili, kikomo kimoja. Kwa mtaalamu wa bima hilo lina mantiki yake: mwenye nacho anamchangia asiye nacho. Lakini mantiki hiyo haikuelezwa kwa watu. Walichoambiwa ni kwamba bima imekuwa bora kuliko ya zamani, na mgonjwa wa saratani akifika kwenye kaunta ya hospitali hukutana na tarakimu.

Nigeukie wasio na hati ya mshahara: bodaboda, mama mboga, fundi, mkulima. Hawa ndio wengi, na hapa ndipo naona kosa kubwa zaidi la ubunifu lilipofanyika.

Zamani walilipa NHIF 500 kwa mwezi. Wengi walilipa walipougua na kuacha walipopona. Mfuko ukibaki na wagonjwa peke yao hauwezi kusimama, kwani gharama hupanda, wenye afya huzidi kutoka, na mzunguko huo hauna breki. Kwa hiyo serikali iliposema sasa utalipa mwaka mzima mara moja, ilikuwa na sababu ya kweli. Sitaki tuidharau sababu hiyo. Tatizo ni chombo ilichochagua.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unabonyeza *147# au unaingia mtandaoni, unajisajili kwa kitambulisho, unaongeza wategemezi, kisha unajibu maswali ya kupima uwezo: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa, sakafu, choo cha aina gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, taa ni za nini. Mfumo unakisia kipato cha kaya kutokana na majibu hayo, unachukua asilimia 2.75, unazidisha kwa 12. Kisha inatokea namba moja kwenye skrini. Tuseme mfumo umekukisia 20,000 kwa mwezi: namba itakuwa 6,600. NHIF kwa mwaka ilikuwa 6,000. Tofauti ni 600 tu, na msemaji wa serikali anaweza kusimama jukwaani akaapa kwamba mzigo haukuongezeka. Ila zile 6,000 zilitoka mia tano mia tano, na hizi 6,600 zinatakiwa siku moja. Hata kiwango cha chini kabisa, cha anayekadiriwa kuwa hana kitu, ni 3,600 kwa mkupuo. Mtu anayenunua unga wa kupima kila jioni hana siku katika mwaka ambayo shilingi 3,600 zimelala.

Halafu kuna makosa ya kukisia. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe yenye umeme huonekana tajiri, kwa sababu ukuta hauelezi kwamba mwenye mshahara alishafariki. Mfanyabiashara anayepanga chumba cha mabati karibu na soko huonekana maskini. Kila kipimo cha aina hii hukosea pande zote mbili, na waliokibuni wanalijua hilo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni jepesi: aliyepewa namba isiyomfaa ataenda kwa nani, na atajibiwa baada ya siku ngapi? Palipokosekana jibu la wazi, watu walijisajili kwa wingi wakaishia hapo hapo kwenye usajili. Kujisajili kulikuwa bure, na kulitosha kupata huduma za zahanati na kituo cha afya. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipia bima kidogo kidogo. Jina lenyewe linakiri kosa lilikuwa wapi.

Kundi la tatu halikuandamana barabarani, lakini ndilo lenye uwezo wa kuua mageuzi kwa wiki mbili: hospitali. NHIF ilikufa ikiwa inadaiwa mabilioni, na madeni hayo yakawa hayana mwenyewe. SHA iliona si yake, NHIF haikuwepo tena. Mwenye hospitali ya vitanda 20 hulipa wauguzi, dawa na umeme kila mwezi. Akicheleweshewa malipo miezi mitano hukopa benki kwa riba, na mwezi wa sita humwambia mgonjwa alete taslimu. Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi kilitangaza hatua hiyo hiyo. Machi 2025 Rais aliagiza wanaodai milioni 10 au chini walipwe, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Hatua nzuri, ila ilikuja baada ya Oktoba 1, 2024, siku ya kuhama, wakati wagonjwa wa figo na saratani walikwama huku mifumo ikigoma. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, mfumo kugoma kwa siku nne ni hatari ya maisha.

Mtaona kwamba hapa mwananchi na hospitali wanaungana bila kupanga. Mwananchi anakatwa kila mwezi, anafika hospitalini anaombwa pesa. Haoni deni la NHIF, anaona wizi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka 2025, iliyosema mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali, ilimpa neno la kuita hisia aliyokuwa nayo tayari.

Msidhani haya ni ya Kenya peke yake. Marekani mwaka 1988 ilipitisha sheria ya kuongeza mafao ya Medicare, bima ya wazee, na Rais Reagan akaitia sahihi. Gharama ililipwa na wazee wenyewe: ada ndogo kwa wote, na nyongeza ya hadi dola 800 kwa mwaka kwa wenye kipato zaidi, kama asilimia 40 ya wazee. Malipo yalianza mapema, baadhi ya mafao, hasa ya dawa, yalipangwa kuja baadaye. Tena wengi wa waliotozwa zaidi walikuwa tayari na bima kama hiyo kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Agosti 1989, huko Chicago, wazee walilizingira gari la Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya Bunge iliyohusika na kodi, hadi akashuka akakimbia kwa miguu. Kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imefutwa. Waliofutiwa ni wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Makosa yalikuwa mawili, na yote tumeyarudia: malipo kutangulia mafao, na kumtoza mtu kwa kitu ambacho tayari anacho.

Kuhusu mahakama nitasema machache. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha sheria. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaziruhusu, isipokuwa vifungu vilivyomtaka mtu awe amejisajili na kuchangia kabla ya kuhudumiwa na serikali. Julai 12, 2024 majaji watatu walisema sheria tatu kati ya zile ni kinyume cha Katiba kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa umma, wakatoa siku 120 za kurekebisha. Ilikuwa wiki chache tu baada ya vijana walioandamana kupinga mswada wa fedha kuingia Bungeni Juni 25. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na SHA ikaanza. Kisheria serikali ilipata njia. Kwa mwananchi wa kawaida picha iliyobaki ni kwamba korti ilisema hapana na makato yakaendelea.

Kwa hiyo wale mnaofanya kazi kaunti na mnaotumwa kwenye mabaraza, nawaachia mambo ya kufanya. Msiende na mabango ya faida za SHA. Nendeni na ukurasa mmoja wenye mifano ya mishahara minne, makato yote ya zamani na ya sasa, hata yasiyo ya afya, maana mwananchi atayahesabu hata msipoyaandika. Asiye na mshahara mwonyesheni namna mfumo ulivyofikia namba yake: kipato ulichokisia, asilimia, mara 12. Kila pingamizi liandikwe pamoja na jina la ofisi itakayolijibu na tarehe ya jibu. Tofautisheni anayesema "ni ghali" na anayesema "sina pesa za mkupuo" na anayesema "nililipa nikakataliwa", kwa sababu wa kwanza anahitaji kiwango kingine, wa pili ratiba nyingine, na wa tatu anahitaji hospitali ilipwe deni lake. Tangazo la redio haliwatibu wote watatu.

Na mtu akiuliza kama mifuko miwili ile inayotegemea bajeti itapata fedha, msimwahidi. Mpeni kiasi kilichopitishwa na Bunge mwaka huo na kiasi kilichotolewa na Hazina hadi siku hiyo, tarakimu mbili kando kando. Kama hamna tarakimu ya pili, itafuteni kabla ya kuitisha baraza, kwa sababu daktari wa zahanati ya pale kijijini anaijua na atakuwa amekaa mstari wa mbele.