Kigeuzeni Kinyago

Ndugu zangu, wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: kinyago cha mama cha Kimakonde mnakitazama upande usio wake. Kigeuzeni. Umama uko mgongoni.

Tazameni hiki. Mtoto yumo ndani ya mbeleko, mapaja yamekumbatia kiuno, shavu limelala kwenye uti wa mgongo. Sasa mtazameni mama: ameinama kidogo kuanzia nyongani, makalio yametoka nyuma kumpa mtoto pa kukalia. Ndivyo mwili unavyobeba. Asiyeliona hilo humchonga mama wima kama nguzo, na mtoto ananing'inia kama mkoba.

Kosa huanzia kwenye gogo. Mtu ana mpingo wa upana wa sentimita 18, anaukimbilia uso kwa sababu ndio unaouza, anakula mti hadi nyuma zinabaki sentimita 3, na sehemu yake ni ganda jeupe la nje. Mtoto atatoka wapi? Atatoka bapa! Tengeni sentimita 6 za nyuma kabla tezo haijagusa mbele. Na moyo wa gogo, kiini chake cha katikati, je? Ufa hukimbia kati ya moyo na nje. Moyo ukipita mpakani, kati ya mgongo wa mama na kifua cha mtoto, mti ukikauka unaweza kuwatenganisha. Uacheni upite kiwiliwilini mwa mama. Gogo likauke kivulini, ncha zimepakwa nta, kwa miezi.

Mtaniambia mteja wa Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, anataka mama mwembamba, laini, anayeingia kwenye begi. Auziwe. Ila msimfundishe mwanafunzi kwamba huyo ndiye mama wa Kimakonde. Wamakonde ni watu ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, na simulizi yao ya asili inamtaja mwanamume aliyechonga mwanamke wa mti, mti ukapata uhai ukamzalia watoto. Mama mwenyewe alianza akiwa kinyago! Mnamwitaje pambo?

Muda unanibana, na kinyago cha tumbo sijakigusa. Kwa ufupi: ni kiwiliwili cha mjamzito, mti mwepesi uliokombwa ndani, kitovu kimetokeza, nembo, yaani chale za mwilini, zimepangwa kwa nta ya nyuki. Kilivaliwa na mwanamume, aliyekifunga kwa kamba, akacheza uzito wa mimba ngomani. Makumbusho hukitundika ukutani peke yake, bila kinyago cha uso kilichoandamana nacho, na mtazamaji anaona ubao wenye matiti.

Vinyago viwili viko mezani. Vishikeni, mkianzia nyuma.