Kazi ya bure ya jiji: ninachokiona New York na tunachoweza kuanza Lubumbashi

Jambo yenu bandugu wa komine zote za Lubumbashi, zile wilaya za jiji letu! Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, komine Lubumbashi, na ninyi wa Annexe mnaoangalia huku mtandao ukikatika-katika, jambo yenu sana. Tangu nilipowaonyesha zile picha za watu waliovaa jile (vizibao vya kazi) wakipima miti kando ya barabara hapa New York, vijana wananiandikia swali moja: "Yaya, hiyo kazi ya jiji wanaingiaje? Wanalipa ngapi?"

Hawalipi. Ni kazi ya kujitolea. Na nitoe onyo mapema: mtu akikuambia ana nafasi ya kujitolea na jiji la huku, umtumie dola za mikanda, yaani za karatasi, halafu viza itafuata, huyo ni mwizi. Usimpe hata franga moja. Nafasi hizi ni za watu ambao tayari wanaishi hapa, na hazina viza ndani yake.

Sasa kwa nini niwachukulie muda wenu na jambo ambalo halina pesa wala safari? Kwa sababu nimetazama kile ambacho jiji hili linawaomba watu wake, na ninaona wivu kwa ajili ya Lubumbashi. Sisi kazi ya bure tunaijua. Waulizeni papa na mama zenu habari za salongo ya wakati wa Mobutu: amri inashuka, mnatoka na majembe na fagio, mnafyeka majani, mnarudi nyumbani. Serikali ilitaka mikono. Hakuna aliyeuliza mnaona nini kwenye avenyu yenu.

Angalieni hesabu ya miti. New York inahesabu miti ya barabarani kila baada ya miaka kumi: 1995, 2005, 2015. Ile ya 2015 iliingiza wakaaji zaidi ya 2,200. Wanafundishwa kwanza, kisha wanapewa utepe wa kupimia na kipande chao cha barabara. Mti ni wa aina gani, shina lina unene gani, una afya au unakufa, mizizi imepasua njia ya waenda kwa miguu au hapana. Yote yanaandikwa. Walipata miti zaidi ya 660,000, na leo mtu yeyote anafungua ramani ya jiji anakuta mti ulio mbele ya mlango wake, na jina lake. Wakaaji wa kawaida ni miongoni mwa waliokusanya habari ambazo mafundi wa jiji wanafanyia kazi.

Kuna nyingine inayonigusa zaidi. Kila mwaka mwishoni mwa Januari, baridi ikiwa kali kabisa, jiji linaomba watu watoke usiku kuhesabu wanaolala nje. Wanatembea kwa vikundi vidogo, mitaani na kwenye vituo vya treni, na kila wanayekutana naye wanamuuliza kwa heshima kama ana mahali pa kulala usiku ule. Kazi hii inafanyika tangu 2005. Na sikieni hili: jiji limewahi kuwaweka watu maalumu gizani, wajifanye hawana makao, ili kupima kama wahesabuji wanamruka mtu. Hesabu ya masikini inakaguliwa! Kwetu tunasema "watoto wa mtaani ni wengi" na maneno yanaishia hapo. Wengi kiasi gani? Wako karibu na soko gani? Wangapi ni wasichana?

Halafu kuna mabaraza ya mitaa. New York ina 59, kila moja linaweza kuwa na wajumbe mpaka 50, wote bila mshahara. Hawatungi sheria, lakini mtu akitaka jiji limbadilishie matumizi ya kiwanja, ajenge ghorofa mahali pasiporuhusiwa, ombi lake linapita mbele yao na wanatoa maoni hadharani. Bajeti ya mtaa pia wanaizungumzia. Si lazima uwe raia wa Marekani. Inatosha kuishi au kufanya kazi katika eneo lile. Na tangu 2014 kijana wa miaka 16 anaweza kuteuliwa. Miaka 16, bandugu!

Najua mtakachosema, maana hata rafiki zangu wa Kamalondo wananiambia: maajenti wa meri, ile ofisi ya jiji, wanalipwa, kwa nini sisi tufanye kazi yao bure? Ni haki kuuliza. Huku sheria ya kazi yenyewe inakataza jiji kumwambia mfanyakazi wake "endelea na kazi ileile, lakini sasa unajitolea." Kuzoa takataka na kuzibua kanivo (mifereji ya maji ya barabarani) kila siku ni kazi, na kazi ilipwe. Kijana asiye na ajira asigeuzwe mfagiaji wa bure. Mimi ninazungumzia kitu kingine: saa mbili za Jumamosi za macho yako na akili yako, kwenye avenyu unayoijua kuliko ofisi yoyote.

Na msiseme kwetu haiwezekani. Wale wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo ya polio, wakiandika kwa chaki kwenye mlango, ni nani? Ni majirani zenu. Wale wa Msalaba Mwekundu wanaokimbilia kartiye (mtaa) kipindupindu kikiingia, ni majirani zenu. Watu wapo. Kinachokosekana ni meri na komine kuwaita, kuwafundisha, na kutumia wanachokileta.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloomba. Mvua kubwa zinaanza Novemba. Kabla hazijafika, vijana wanne au watano wa avenyu moja mtembee na daftari. Kila kanivo: imeziba au iko wazi, imeziba kwa plastiki au kwa mchanga, maji yanaingia kwa nani mvua ikinyesha. Mkifika kwenye jacaranda ya zamani, andikeni pia kama inaoza na inaweza kuangukia nyumba. Chukueni picha, lakini msipige sura za watu bila ruhusa. Mwambieni shefu wa kartiye kabla ya kuanza, asishtuke.

Kisha mwandike mukanda, yaani barua, nakala tatu. Moja kwa burgumesta, mkuu wa komine. Moja kwa mshauri wa komine, yule mliyempigia kura Desemba 2023. Ana kazi ya kuwasikiliza na mara nyingi hakuna anayemletea kitu kilichoandikwa. Ya tatu inabaki kwenu, na msiondoke ofisini kabla haijagongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Wakiomba pesa ya muhuri, mrudi siku ya pili mkiwa wengi zaidi, kwa adabu.

Avenyu ya kwanza itakayonitumia daftari lake nitalisoma hapa ukurasa kwa ukurasa, na jina la burgumesta aliyelipokea nitalitaja, na tarehe.