Tamponi kwa anayeanza: hapa uvumilivu hautakiwi

Mhadhara kwa wanafunzi wa kike wa chuo, Mbeya, umeandikwa kama ulivyotolewa

Marahaba, wanangu. Mliosimama nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Na huo mlango ufungeni, baridi ya mwezi wa sita tunaijua.

Mlezi wenu aliniambia timu ya mpira wa pete inashuka Kyela, na baada ya mechi mtapitia Matema kuogelea. Akasema baadhi yenu mmeanza kuulizana kama mtu aliye kwenye siku zake anaweza kuingia ziwani, na kuna mmoja ametumiwa tamponi, ile pamba ya kuingizwa ukeni ifyonze damu ya hedhi, na dada yake aliyeko Dar, boksi liko chini ya godoro, anaogopa kulifungua. Basi leo tunalifungua.

Mimi ni muuguzi mkunga. Katika kazi yangu nimeona jinsi tunavyowalea mabinti zetu kuvumilia. Tumbo la hedhi linamkata, anaambiwa avumilie. Pedi imemchubua mapaja, anavumilia, kipindi kisimpite. Tumewaimbia mvumilivu hula mbivu tangu mko chekechea, na kwenye mengi ni kweli. Kwenye tamponi si kweli hata kidogo. Ukivumilia maumivu wakati wa kuiweka, ujue umeiweka vibaya. Ukivumilia saa kumi na mbili bila kuibadilisha, umejitafutia hatari. Na ukivumilia homa ukiwa nayo mwilini, unaweza kupoteza maisha. Mkitoka hapa mmesahau yote, hilo msilisahau.

Pitisheni hii mkononi, kila mtu aishike. Ni pamba na nyuzi za rayoni zilizobanwa, unene kama kidole cha mwisho, na huo uzi mkiani. Uvuteni kwa nguvu. Haukatiki, umeshonwa ndani. Kabla ya kutumia yoyote uvute hivyo hivyo. Sasa tazameni hii niliyoitumbukiza kwenye glasi ya maji tulipoanza: imefunguka, imenenepa, imekuwa laini. Ndivyo inavyofanya ndani. Inafyonza, inatanuka, inakaa.

Ziko za namna mbili. Yenye mrija wa kusukumia ni kazi ya daktari mmoja Mmarekani, Earle Haas, aliyepewa hataza yake mwaka 1933. Hii fupi isiyo na mrija, inayosukumwa kwa kidole, umbo lake lilibuniwa na daktari wa wanawake wa Ujerumani, Judith Esser-Mittag. Mimi kwa anayeanza napendekeza yenye mrija laini wa plastiki kama ataipata. Akipata ya kidole tu, inatosha, na ina faida moja: inakulazimisha kuujua mwili wako.

Vile vitone vilivyochorwa kwenye boksi havihusu ukubwa wa mwanamke, wala kama ameshazaa. Vinahusu wingi wa damu inayofyonzwa. Wewe unayeanza chukua yenye vitone vichache kuliko zote. Ni nyembamba, na ni salama zaidi, nitawaeleza kwa nini.

Tuingie mwilini sasa. Msiinamishe vichwa.

Chini kuna matundu matatu. La mbele ni la mkojo, dogo mno. La katikati ni uke. La nyuma ni la haja kubwa. Nayasema haya mbele ya wasomi kwa sababu nakutana na wanawake wazima, wenye watoto, wanaoamini mkojo na hedhi vinapita njia moja. Ndiyo maana wanauliza, nikiiweka nitakojoaje? Utakojoa kama kawaida, uzi tu uusogeze pembeni usilowe.

Uke ni njia ya misuli, urefu wake kwa wengi ni kati ya sentimeta 7 na 10, na kuta zake zimegusana. Sikilizeni vizuri hapa: hauendi juu wima. Unaelekea nyuma, usawa wa mfupa wa chini ya kiuno, pale mnapojikanda mgongo ukiuma. Karibu kila anayeniambia ilimuuma aliisukuma kuelekea kitovuni, ikagonga ukuta. Jambo la pili, sehemu ya mlangoni ndiyo yenye hisia kali. Ndani zaidi hisia ni chache. Tamponi iliyoishia mlangoni inakera kila ukipiga hatua. Iliyofika ndani huisikii kabisa, unaweza kuruka kudaka mpira golini ukasahau kuwa unayo. Na mwisho wa njia hiyo kuna mlango wa kizazi. Damu inapenya, tamponi haipenyi. Kwa hiyo mwenzenu aliyeandika kwenye karatasi kwamba inaweza kupotea ikapanda hadi tumboni, jibu ni hapana. Haina pa kwenda.

Karatasi nyingine nne zinauliza jambo moja: bikira. Nalijibu bila kuzunguka. Kizinda si mfuniko. Ni ngozi laini iliyozunguka mlango wa uke, na kwa karibu wasichana wote kina uwazi. Bila uwazi damu ya hedhi ingetokea wapi? Kwa mmoja uwazi ni mpana, kwa mwingine mwembamba. Tamponi ndogo kwa wengi inapita bila kudhuru kitu, kwa wengine inaweza kukivuta au kukichana kidogo, sawa na michezo inavyoweza kufanya. Ubikira wa mtu hausomwi kwenye ngozi hiyo. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa sababu kitaalamu havipimi chochote. Najua kwa baadhi yenu bibi au shangazi hataikubali lugha hii. Msigombane naye. Na kama moyo wako mwenyewe hauko tayari, vaa pedi, hujakosa kitu. Tamponi si mtihani wa usasa.

Haya, siku ya kwanza. Chagua siku ya damu nyingi, kwa kawaida ya pili. Usijaribu siku ambayo huna hedhi, eti unafanya mazoezi. Uke mkavu unakwaruzwa, na hapo ndipo wengi wanaapa hawarudii. Chagua muda ambao bafu la hosteli halina foleni. Mwenzako akigonga mlango kila dakika, misuli inakaza. Baridi nayo inakaza. Umejimwagia maji ya baridi ya Mbeya asubuhi, mwili mzima umejikunja, kisha unataka misuli ya uke ilegee? Chemsha maji, oga ya moto, kaa dakika chache.

Kata kucha. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuigusa, siyo baada tu. Ikianguka sakafuni, itupe hata kama inauma mfukoni.

Chuchumaa. Sisi tunaotumia vyoo vya kuchuchumaa tuna bahati, maana mkao ule unaufungua mlango vizuri. Au panda mguu mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa. Kwa mkono mmoja tenganisha mashavu ya uke, kwa mwingine weka ncha ya tamponi mlangoni, elekeza nyuma kwenye kiuno, kisha vuta pumzi na uitoe taratibu. Wakati unaitoa, ndipo usukume. Ya kidole isukume mpaka kidole kiingie hadi kiungo cha kati. Ya mrija, ingiza mrija wa nje hadi vidole viguse mwili, sukuma wa ndani wote, halafu toa mirija yote miwili. Uzi ubaki nje.

Simama, tembea. Husikii kitu? Imekaa. Unaisikia? Iko chini mno. Isukume kidogo kwa kidole safi, au itoe uweke nyingine. Ikigoma kuingia kabisa, acha. Acha siku hiyo. Vaa pedi, jaribu mwezi ujao. Ukavu ukiwa ndio tatizo, duka la dawa wanauza jeli ya maji. Paka kidogo kwenye ncha. Mafuta ya mgando na ya kupikia hapana.

Kuna ambao watajaribu miezi kadhaa, kila mara ni kama wamegonga ukuta au misuli inajifunga yenyewe kwa maumivu. Huyo aje kliniki. Mara chache kizinda kimeumbwa na uwazi finyu sana, au kuna utando ndani ya uke, na tiba ipo. Aliyekeketwa naye anaweza kuwa na kovu linalobana. Aje, tutaongea faragha. Na kama kuna aliyejifungua karibuni, tamponi asiiguse mpaka amalize kliniki ya wiki sita.

Kuitoa ni rahisi: chuchumaa, legea, vuta uzi kwa mwelekeo ule ule iliyoingilia. Ikitoka kavu na kukwaruza, ujue umechagua yenye uwezo mkubwa kuliko damu yako. Uzi usipouona, usilie. Nawa mikono, chuchumaa, sukuma kama unayekwenda haja kubwa, zungusha kidole ndani utaufikia. Ukishindwa, njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuitoa ni kazi ya dakika chache na hakuna atakayekucheka. Usitumie kijiti wala koleo, nawasihi. Ukishaitoa ifunge kwenye karatasi, weka kwenye pipa la taka. Ukiitupa kwenye choo cha kuvuta, hosteli nzima itaziba.

Sasa saa. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 8, na 8 ndiyo mwisho. Kila mara moja ndani, si mbili. Kabla hujaweka mpya, hakikisha ya zamani imetoka. Usiku, kama unalala zaidi ya hapo, vaa pedi. Na basi la Dar? Barabara ni zaidi ya kilometa 800, na dereva anawashusha kuchimba dawa porini dakika tano, hakuna maji, hakuna sabuni, abiria wanaume wako mita kumi. Pale huwezi kubadilisha kwa usafi. Safari hiyo ni ya pedi, hata kama umeshakuwa hodari.

Kwa nini nawabana kwenye saa? Kuna bakteria wanaoitwa stafilokoka. Watu wengi wanao, puani, kwenye ngozi, wengine ukeni, na hawana shida nao. Baadhi ya bakteria hao wanaweza kutengeneza sumu. Tamponi yenye uwezo mkubwa, iliyokaa muda mrefu, inawapa mazingira ya kuitengeneza, na sumu ikiingia kwenye damu presha inaporomoka na viungo vinaanza kufeli. Mwaka 1980 Marekani walipata wagonjwa wengi wa namna hiyo, wengi wao wanawake vijana waliokuwa kwenye hedhi, na Septemba mwaka huo tamponi moja iliyokuwa ikifyonza mno ikaondolewa sokoni. Tangu hapo wagonjwa wamepungua sana. Leo ni ugonjwa wa nadra, lakini wasichana wana hatari zaidi kuliko mama zao, kwa kuwa wengi wa mama zao wameshajijengea kinga dhidi ya sumu ile.

Dalili zake: homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, misuli kuuma, vipele au wekundu kama ngozi iliyoungua jua, kizunguzungu ukisimama. Sasa niambieni, msichana wa Mbeya akipata homa na kutapika anafanya nini? Anasema malaria. Au taifodi. Anakwenda dukani, ananunua dawa, anajifunika blanketi, anavumilia. Hapo ndipo ninapowaogopea. Ukiwa na tamponi na homa ikakupanda, itoe hapo hapo, uende hospitali usiku huo huo. Na ukifika sema kwa kinywa chako: nilikuwa nimevaa tamponi. Wauguzi wenzangu wengi huku hatukutani nazo kila siku, daktari anaweza asiliulize swali hilo. Usipolisema, watakupima malaria kwanza na muda unakwenda.

Gharama sitaongea sana, mnaijua kuliko mimi. Huku hazipo kila duka. Tafuteni famasi kubwa na supamaketi, na zitakuwa ghali kuliko pedi. Hata pedi zenyewe, kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei dukani hazikushuka. Linaniuma kila nikilikumbuka. Basi tamponi iwe ya mechi na ya kuogelea, siku nyingine pedi. Anayetumia kitambaa naye simlaumu, ila mliotoka Tukuyu mnajua mvua ile haikaushi kitu. Kikianikwa ndani kikavaliwa kibichi, kinaleta fangasi. Pigeni pasi.

Swali la mwisho, binti wa sweta la bluu. Kuhusu Matema, lini aiweke na lini aitoe?

Iweke kabla hujashuka majini, siyo asubuhi ukiwa bado Mbeya, ili saa zako zianze kuhesabika pale. Ingiza uzi ndani ya nguo ya kuogelea. Ukitoka majini ibadilishe hata kama umekaa nusu saa tu, kwa sababu uzi umelowa maji ya ziwa na ukikaa nao utakuchubua. Beba sabuni yako, na chupa ya maji safi ya kunawia, usitegemee utayakuta chooni. Na pedi mbili za akiba kwenye begi la timu, atakayezihitaji azichukue bila kuomba.