Mdeki Salama Huanzia Kwenye Nyuzi za Mti

Ndugu zangu mafundi wa Kisumu, nanyi mliotoka Siaya na Kakamega, hamjambo.

Hiki nilichoshika kilikuwa mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia baruti na risasi ndani ya gobori, bunduki ya kizamani inayojazwa kupitia mdomo wake. Tazameni kilivyovunjika. Hakikukatika kama chaki; kimechanika mshazari, kikabaki na ncha ndefu kama mkuki. Kilinivunjikia nikisafisha kasiba tupu, yaani mtutu, ya gobori kuukuu, ncha ikanichoma kati ya kidole gumba na cha shahada. Kasiba ilikuwa na kutu, kitambaa kikakwama, nami kwa haraka zangu nikasukuma kwa nguvu zote. Na vanishi ya mdeki ule ilikuwa inang'aa kama kioo.

Kosa lilikuwa ndani ya mti. Nyuzi zilianzia upande huu zikatokeza ubavuni, kwa sababu nilichonga kutoka ubao uliopasuliwa kwa msumeno. Msumeno hufuata mstari wa fundi. Shoka na kabari hufuata nyuzi. Ndiyo sababu Marekani, ambako watu bado wanalenga shabaha na kuwinda kwa magobori, mafundi husifu mti wa hikori uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake. Zile fito za mviringo za dukani, hata ziwe nyoofu namna gani, msiziamini mpaka mmefuata uzi mmoja kwa jicho kutoka ncha hadi ncha.

Hikori hatuna. Lakini tuna powo, mti ambao wazee wa Kiluo wanauchongea fimbo, na wote mnajua fimbo ya powo inavyopinda na kurudi. Mimi hutafuta chipukizi lililonyooka lenyewe, nikalikausha kivulini miezi kadhaa likiwa limefungwa kwenye ubao lisijipinde. Kabla ya kulipaka chochote, vaeni glavu na miwani, mlipinde polepole. Likilia, liacheni liwe kuni.

Kumalizia hakuna ugumu. Kwangueni kwa kipande cha kioo, pigeni msasa kwa kufuata nyuzi, kisha pakeni mafuta ya kitani, tabaka jembamba, futeni yaliyozidi, acheni yakauke vizuri kabla ya tabaka jingine. Vanishi nzito siipendi: hubanduka ndani ya kasiba na kuficha nyuzi tunazotaka kuziona. Wapo wanaolowesha mdeki kwenye mafuta ya taa uwe laini. Hayo hayaponyi nyuzi zilizokatwa.

Ila vitambaa vya mafuta ya kitani nawasihi mviogope. Yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye maranda kinaweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Vianikeni nje kimoja kimoja, au vitieni kwenye ndoo ya maji.

Kofia ya shaba ya nchani msiiachie gundi peke yake. Toboeni mtie pini. Gundi ikiachia, kofia hubaki ndani ya kasiba na kitambaa chake.

Sasa kuushika. Shikeni sentimita 15 hadi 20 juu ya mdomo wa kasiba, sukumeni kwa mikupuo mifupi, mkihamisha mkono juu kila mara. Sababu ipo: ukipunguza kwa nusu urefu wa ufito usioshikiliwa, nguvu inayohitajika kuukunja huongezeka mara 4. Kiganja kisikae kamwe juu ya ncha ya mdeki, na uso usiinamie mdomo wa kasiba, kwa maana cheche iliyobaki baada ya mlio inaweza kuwasha baruti mpya. Risasi ikae juu ya baruti bila nafasi katikati, la sivyo kasiba inaweza kuvimba au kupasuka. Chongeni alama mbili kwenye mdeki, ya kasiba tupu na ya kasiba yenye shehena ya baruti na risasi, ili msibahatishe. Na kabla ya kufyatua, mdeki utoke.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki ni lazima iwe na kibali. Kwa hiyo kazi hii wengi wenu mtaifanya kwa magobori ya makumbusho. Hata hayo yapimwe kwanza: kasiba kuukuu inaweza kuwa na shehena ya miaka mingi, na ikionekana hivyo, rudini nyuma mumwite mtaalamu wa silaha.

Mezani nimeweka fito mbili, moja ya msumeno na moja ya kupasuliwa. Zisogezeni dirishani, nyuzi huonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni.