Kutoka Ofisini Hadi Ufundi Umeme: Testa Imewaka Matundu Yote Mawili

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuna ratiba, na nimeiandika: mambo matatu kwa anayeacha kazi ya ofisini kuja kwenye ufundi umeme wa majumbani. Pa kusomea, vifaa vya kuanzia, na namna ya kupanga bei ya kazi. Tunamjibu msikilizaji wetu mhasibu wa Morogoro, aliyeuliza aanzie wapi. Kaka Baraka, mbona umeweka soketi mezani?

BARAKA: Nimekuja nayo makusudi, dada. Jumatano niliitwa Kivule, nyumba ya vyumba vitatu. Sebuleni friji haiwaki, TV haiwaki, lakini taa za vyumbani zinawaka. Fundi aliyekuwepo ni kijana aliyeacha kazi ya benki, na ameshabadilisha soketi tatu mpya kabisa. Anachomeka testa, ile bisibisi yenye taa ndani, tundu la kulia, inawaka. Tundu la kushoto, inawaka. Akamwambia mwenye nyumba kuwa zimeingia fezi mbili, yaani nyaya mbili zinazoleta umeme.

MWANAIDI: Nyutro imekatika.

BARAKA: Nyutro imekatika, ule waya unaorudisha umeme. Wewe umejua kabla sijamaliza, na yule kijana angeendelea kununua soketi mpaka hela ya mwenye nyumba iishe. Ndiyo maana nasema tuanze na hili, halafu ratiba tutairudia.

MWANAIDI: Dakika tano tu.

BARAKA: Tano. Sasa, testa ya bisibisi inafanyaje kazi? Ndani kuna taa ndogo ya neoni na rezista kubwa sana, ya karibu megaomu moja. Umeme unatoka kwenye ncha, unapita rezista, unapita taa, unaingia kwenye kidole chako, unakwenda ardhini kupitia mwili wako. Ni mkondo mdogo mno, hausikii kitu. Kwa hiyo testa inakujibu swali moja tu: hapa nilipogusa pana volti kulinganisha na ardhi? Haikwambii kama ni fezi au ni nyutro.

MWANAIDI: Na friji ikiwa imechomekwa...

BARAKA: Hapo ndipo penyewe. Fezi inaingia kwenye friji, inapita ndani ya friji, inatokea upande wa nyutro. Kama nyutro ingekuwa nzima, umeme ungerudi zake na tundu la kushoto lingebaki karibu na sifuri. Lakini nyutro imekatika huko nyuma, mkondo hauna pa kwenda, basi waya wote wa nyutro kuanzia kwenye friji mpaka pale ulipokatika unasimama na volti 230. Ukiugusa, unapigwa sawasawa na fezi. Chomoa friji, chomoa TV, zima kila kitu kwenye mstari huo, pima tena: tundu la kushoto linazimika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji kifaa kingine chochote.

MWANAIDI: Tahadhari hapo. Likizimika usiseme sasa ni salama. Bado nyutro iko hewani, na mtu akiwasha taa moja tu ya mstari ule, inarudi.

BARAKA: Kweli kabisa. Kipimo cha pili ni multimita. Weka kwenye volti za AC. Fezi kwa nyutro: unapata sifuri, au namba inayoyumba isiyo na maana. Fezi kwa eathi, waya wa ardhini: unapata 230 au karibu yake. Rudisha friji, pima nyutro kwa eathi: nayo inasoma 230. Ukipata hizo tatu, acha kugusa soketi, nenda kwenye DB, boksi la breka.

MWANAIDI: Kwenye DB unapima unapoingia umeme kwanza.

BARAKA: Ndiyo. Fezi kwa nyutro pale juu kwenye mein swichi. Ikisoma 230, tatizo liko ndani ya nyumba. Isiposoma, tatizo liko upande wa mita au nguzo, na hapo usipande popote, mwambie mteja apige simu TANESCO. Ikiwa ni ndani, unazima mein swichi, unahakikisha umeme umekufa, kisha unavuta kwa mkono kila waya kwenye baa ya nyutro. Kuvuta kweli, siyo kuangalia. Halafu unafuata soketi ya kwanza kwenye mnyororo, kwa sababu soketi zetu nyingi zinaunganishwa moja kwenda nyingine, na ya kwanza ikilegea, zote za mbele zinakufa.

MWANAIDI: Na hii ya mezani ndiyo ya kwanza?

BARAKA: Hii hapa. Ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati, yule kijana hakuifungua. Angalia skrubu ya nyutro. Unaona plastiki imebanwa chini yake? Fundi aliyetandaza nyaya hakumenya waya vya kutosha, skrubu ikabana plastiki badala ya shaba. Shaba ikawa inagusa pembeni kidogo tu. Ilifanya kazi, kwa sababu ilikuwa inagusa. Ilipokuja friji, ile sehemu ndogo ikawa inapata moto, inapoa, inapata moto, inapoa, mpaka imeungua. Huu weusi wote umetoka hapo. Menya milimita nane hadi kumi, ingiza mpaka plastiki ifike mdomoni mwa teminali bila kuingia chini ya skrubu, kaza, vuta. Waya mwembamba wa 1.5, yaani milimita za mraba, ukiwa peke yake kwenye teminali pana, ukunje mara mbili kabla ya kuuingiza.

MWANAIDI: Dakika tano zimekwisha zamani. Lakini niseme jambo kuhusu hiyo testa, maana mhasibu wetu atakwenda dukani na kitu cha kwanza atakachouziwa ni hicho. Testa inakosea pande zote mbili. Inawaka pasipo na hatari: waya uliokatwa pande zote lakini umelala kwenye konduti, bomba la nyaya, moja na waya wenye umeme unaweza kuiwasha kidogo, hata multimita ikakuonyesha volti 40 au 80 za uongo. Na haiwaki penye hatari: umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu, umevaa buti za mpira, mwili wako haufiki ardhini vizuri, taa inakuwa hafifu. Uko nje juani, huioni kabisa. Mtu anasema haijawaka, anashika waya.

BARAKA: Ndiyo maana kuna hatua tatu za kuhakikisha umeme umekufa. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kifaa chako ni kizima. Pima pale unapotaka kufanya kazi: fezi kwa nyutro, fezi kwa eathi, nyutro kwa eathi. Rudi upime tena pale penye umeme, uone kifaa hakijafa katikati. Na breka uliyoizima uifunge kwa kufuli au tepu, ufunguo ukae nawe, kwa sababu kwenye saiti kuna fundi rangi anayetaka kuchemsha maji ya chai. Na haya yanafundishwa darasani. Ndiyo hoja yangu ya kwanza kwa mhasibu: aanze chuo.

MWANAIDI: Hapana, kaka. Hapo hatuko pamoja.

BARAKA: Nilijua.

MWANAIDI: Aanze saiti. Miezi mitatu ya kuwa saidia fundi, Jumamosi na likizo zake, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi wala kulipa ada. Chuo hakimwonyeshi kazi yenyewe ilivyo. Nusu ya kazi yetu haina umeme ndani yake. Ni kutindua ukuta. Ni kufunga konduti kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, kuziba midomo yote kwa karatasi na tepu, na kusimama hapo siku ya zege uone mtu wa vaibreta asizikanyage. Konduti ya milimita 20 unaipinda kwa springi, taratibu, kwa goti. Ukiharakisha inabonyea, na hujui mpaka siku ya kuvuta waya, zege limeshakauka. Boksi la soketi ukilizamisha sana, plasta inalimeza na skrubu hazifiki. Ukilitokeza, kava haikai. Mtu wa miaka 38 aliyekaa kwenye kiti miaka 15 anatakiwa ajue kama mgongo na magoti yake yanayaweza hayo.

BARAKA: Lakini atajifunza kwa nani? Kwa yule aliyefunga soketi hii. Saiti inakupa mikono, na inakupa makosa ya fundi wako pia. Nikupe mfano. Hita ya bafuni ya wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata ampea karibu 24. Fundi wa mtaani ameivuta kwa waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Breka inakata. Anafanya nini? Anaweka breka ya 32. Haikati tena, mteja anafurahi, anamlipa. Yule saidia fundi pembeni amejifunza nini? Kwamba breka ikikata, weka kubwa zaidi. Wakati breka kazi yake ni kulinda waya. Sasa waya uliomo ndani ya ukuta wa plasta unapokea ampea 24 na hakuna kinachoulinda mpaka ifike 32. Unaungua ndani ya konduti. Hita hiyo ilitaka mstari wake yenyewe kutoka kwenye DB, waya wa 6, breka ya 32, na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hesabu hiyo ni ya darasa la wiki ya pili.

MWANAIDI: Hesabu hiyo mhasibu ataifanya kichwani akielezwa mara moja. Kugawanya kwa 230 hakumshindi. Kinachowashinda wanaohama ni kingine: wanaacha mshahara, wanalipa ada, wanamaliza ngazi ya kwanza, wanafika saiti, wanagundua wanaogopa ngazi. Nimewaona vyuoni na nimewaona saiti. Hasara hiyo inazuilika kwa Jumamosi chache.

BARAKA: Na mimi naona wanaoingia saiti kwanza hawarudi chuo. Wanaanza kupata hela ya pointi, yaani kwa kila taa au soketi, elfu kadhaa hapa na pale, wanasema nimeshajua. Halafu wanafika kwenye leseni wanakwama. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina madaraja ya leseni kulingana na ukubwa wa kazi, na wanaangalia cheti na uzoefu. Bila cheti utaishia kuomba muhuri wa mtu mwingine maisha yako yote.

MWANAIDI: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, mapungufu yanafundishwa, anapewa cheti. Mlango upo.

BARAKA: Upo kwa mtu mwenye ujuzi wa kurasimisha. Aliyejifunza kuweka breka ya 32 atarasimisha nini? Dada, VETA ngazi moja ni karibu mwaka mmoja, na kuna vyuo vina kozi fupi na za jioni. Asiache kazi, asome jioni.

MWANAIDI: Hapo nakubali jioni, sikubali kwanza. Na huo muhuri uliousema ndio unaniuma zaidi kuliko yote. Mkandarasi mwenye leseni anagonga muhuri kwenye fomu ya kuthibitisha nyaya za nyumba asiyowahi kuikanyaga. Hajapima insulesheni, yaani kama plastiki ya nyaya haivujishi umeme, hajaona eathi. Kijana aliyehama kazi, mwenye njaa ya kuanza, ndiye anayeshawishiwa kirahisi: wewe fanya, mimi nitagonga. Mhasibu, ukisikia maneno hayo, ondoka.

BARAKA: Na kipimo chenyewe hakichukui hata saa moja kwa nyumba ya kawaida. Mega, kifaa cha kupima insulesheni, volti 500 za DC. Umeme umezimwa, taa zote zimetolewa, TV na chaja zimechomolewa, maana volti hizo zinaua vitu vya kielektroniki. Fezi na nyutro ukiziunganisha pamoja, pima kwa eathi, kisha fezi kwa nyutro. Chini ya megaomu moja, hairuhusiwi kuwashwa. Nyumba mpya safi inakupa mamia. Ukipata namba ndogo kwenye nyumba mpya, mara nyingi waya zilivutwa plasta ikiwa mbichi na konduti zina maji, au kuna msumari wa fundi dari.

MWANAIDI: Unaona? Msumari wa fundi dari hauko darasani.

BARAKA: Na mega haiko saiti nyingi, dada. Iko chuoni.

MWANAIDI: Hatutakubaliana leo.

BARAKA: Wala wiki ijayo. Mimi nabaki na chuo kwanza.

MWANAIDI: Na mimi saiti kwanza. Mhasibu, umesikia pande zote mbili, chagua kwa kuangalia mfuko wako na magoti yako. Jamani, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Pa kusomea tumegusa kwa kugombana, vifaa hatujaanza, bei kwa pointi hata hatujaitaja vizuri.

BARAKA: Bei tuiache kabisa, ina mambo mengi: nani ananunua vifaa, nani anatindua, malipo kwa awamu ngapi. Haiingii kwenye dakika mbili.

MWANAIDI: Basi kifaa kimoja. Akitoka hapa leo na hela ya kununua kitu kimoja tu, anunue nini?

BARAKA: Multimita. Na asinunue ya rangi nzuri iliyoning'inizwa mlangoni. Aangalie imeandikwa CAT III, daraja la usalama linalofaa kupimia kwenye DB, volti 600, kwenye kifaa chenyewe na kwenye nyaya zake za kupimia pia. Afungue mfuniko wa nyuma dukani, aone fyuzi: iwe ya kauri, siyo kioo chembamba. Na waya mwekundu wa kupimia usiachwe kwenye tundu la ampea, kwa sababu ukisahau hapo halafu ukapima volti kwenye DB...

MWANAIDI: Umetengeneza shoti kwa mikono yako. Muda umekwisha, kaka.

BARAKA: Tundu la volti, kila mara, kabla ya kugusa.